Sanduku la siga lilivyotuumbua Sombetini

Leo naomba nikupe kisa cha sanduku. Si sanduku la bibi harusi, wala lile la safari ya mwisho, Mungu apishie mbali. Ni kisanduku tu cha kuwekea siga, yale masigara manene ya kahawia ambayo mabosi wa kwenye sinema huyabana pembeni mwa mdomo huku wakitoa amri mtu akamalizwe. Kisanduku hicho kilimtia mjomba wangu hasara na kunitia mimi aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka natazama chini.

Najua utasema: "Sombetini na siga wapi na wapi?" Ngoja kwanza. Wenzetu hawafanyi utani na visanduku hivi. Mwaka 1961 mchekeshaji Milton Berle alimpa Rais John Kennedy wa Marekani kisanduku cha namna hiyo. Mwaka 1996 kikapigwa mnada New York, mtu akakichukua kwa dola 574,500. Kwa sanduku, bwana! Na huyo huyo Kennedy, mwaka 1962, kwa mujibu wa msemaji wake Pierre Salinger, alimtuma jioni akamtafutie siga 1,000 za Cuba. Jamaa akahangaika, akarudi asubuhi na 1,200. Ndipo Rais akatoa karatasi mezani na kutia sahihi amri ya kupiga marufuku bidhaa za Cuba. Mkubwa ni mkubwa!

Hata kwetu moshi huo si mgeni. Che Guevara, ambaye mwaka 1965 alipitia Dar es Salaam na Kigoma akienda kupigana Kongo, alikuwa mvutaji wa siga anayejulikana dunia nzima. Na Arusha yetu hii ndiyo mlango wa Serengeti, Ngorongoro na Tarangire. Wageni wanakuja na pesa zao, na jioni wakikaa mbele ya moto wa kambi, wapo wanaotaka siga. Siga inataka pa kulala. Hapo ndipo mjomba wangu alipoingia.

KAZI YAINGIA, KAZI YAHARIBIKA

Karakana ya mjomba ipo Sombetini, kibanda cha bati kando ya barabara ya vumbi. Anatengeneza vitanda, makabati, viti vya baa, na majeneza yakihitajika. Mimi nilipomaliza Form Four na matokeo yakawa yale ya "asante kwa kushiriki", nikawa karani wake. Naandika daftari la madeni, nabeba mbao, na kikija Kiingereza nakikabili mimi.

Basi Agosti mwaka jana akaja meneja wa kambi moja ya watalii. Mtu wa heshima, gari limejaa vumbi la porini. Akatoa karatasi yenye mchoro na vipimo. Anataka sanduku la siga, wenyewe wanaliita humidori. Akatoa laki mbili kama utangulizi. Mjomba akanipa karatasi: "Soma, mwanangu, hawa wanataka mbao gani?"

Nikasoma. Imeandikwa "cedar". Mimi huyo, kifua mbele: "Mwerezi, mjomba!" Si nimesoma Sunday School? Mierezi ya Lebanoni, hekalu la Sulemani, nani asiyeijua? Na huku kwetu wazee wengi wakisema mwerezi wanamaanisha mtarakwa, ule mti wa milimani unaoota hata kwenye Mlima Meru, mbao yake nyekundu inanukia na mchwa hawaugusi. Mjomba alikuwa na mbao za kabati la zamani la mtarakwa. Akafurahi. Akazipiga randa, akaunganisha, bawaba za shaba, kufuli kidogo, kisha vanishi nje na ndani hadi unajiona uso. Vanishi ilipokauka tu, tukapeleka. Meneja akalipa kilichobaki. Siku hiyo nyumbani tulikula kuku.

Baada ya wiki tatu simu ikalia. Meneja hakusalimia vizuri. Tulipofika mjini kuonana naye, alikuwa ameliweka sanduku juu ya meza kama kidhibiti cha mahakamani. Kifuniko kimejikunja kama chapati. Ubao wa kitako umepasuka katikati. Ndani siga kumi na nane zimekauka, ukizishika zinalia kama majani ya mgomba, ganda lake linachanika. Meneja akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Mzee, wageni wangu wanasema wanavuta penseli."

Na kweli, unajua penseli zilikuwa zikitengenezwa kwa mbao gani? Mtarakwa huo huo!

Mjomba akakubali kulipa. Hakuwa na pesa, akauza mashine yake ya randa, aliyoinunua kwa kudunduliza miaka miwili. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningepata nafuu. Alivyorudi kutoka kuuza alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaniambia: "Andika kwenye daftari." Nikaandika. Tangu siku hiyo anapiga randa kwa mkono.

MWEREZI USIO MWEREZI

Usiku ule sikulala. Kimeo kilikuwa changu, si cha mjomba. Nikaanza kuulizauliza, nikasoma, nikasumbua kila aliyewahi kuona humidori. Kumbe!

Mti unaotakiwa kwa masanduku hayo Waingereza wanauita mwerezi wa Kihispania, lakini si wa Hispania na wala si mwerezi. Asili yake ni nchi za Amerika ya Kati, Kusini na visiwa vya huko. Wataalamu wanauita Cedrela odorata, na uko ukoo mmoja na mkangazi wetu. Tena usicheke, hata mwarobaini ni wa ukoo huo! Kwa Tanzania uliletwa ukapandwa, na huko Morogoro, kwenye msitu wa Kimboza, umesambaa hadi wahifadhi wanalalamika kwamba unaifukuza miti ya asili. Mbao yake inanukia lakini kwa adabu, harufu yake inapatana na tumbaku. Mtarakwa wenyewe una mafuta makali. Ni mzuri kwa kabati la nguo, lakini ukiuweka karibu na siga unaimeza ladha yote.

Hilo la kwanza. La pili ni vanishi. Nje paka upendavyo, ndani usiguse. Vanishi inanuka, halafu inaziba vinyweleo vya mbao, na mbao ya ndani inatakiwa ipumue.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililotumaliza. Sanduku jipya lina kiu. Siga inataka kukaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 72 hivi. (Asilimia 100 ni hewa iliyoshiba mvuke kabisa, kama ule ukungu wa asubuhi ya Juni unaoificha Meru hadi saa nne.) Mbao iliyokaushwa vizuri ina kiu kuliko hiyo hewa. Ukiweka siga ndani siku ya kwanza, mbao haiulizi unyevu ni wa nani. Inaunyonya kutoka kwenye siga. Na huku inanyonya, inavimba. Ubao huvimba kwa mapana, si kwa urefu, kwa hiyo kama umeukaza pande zote na upande mmoja unakunywa kuliko mwingine, lazima ujikunje au upasuke. Mjomba alijua habari ya mbao kuvimba tangu mimi sijazaliwa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba sanduku hili litaishi na maji ndani yake. Aliyepaswa kumsomea ni mimi.

BIBI HAKUSHANGAA

Jumapili nikapanda Hiace kwenda Ngaramtoni kumsalimia bibi, mama yake mjomba. Nikamweleza kisa chote nikitegemea atanihurumia. Bibi alikuwa anavuta ugoro wake kutoka kwenye kikopo cha pembe chenye kizibo cha ngozi. Akafunga kizibo, akakikaza, akanitazama.

"Hivyo mjukuu wangu, kibuyu kipya ulishawahi kuniona naweka maziwa siku kinapotoka shambani?"

Nikasema hapana, bibi.

"Nafanyaje?"

Nikaanza kueleza, maana nimeyaona tangu utoto. Unatoa mbegu, unakijaza maji, unamwaga, unajaza tena siku nyingi hadi uchungu uishe. Kisha unakausha, halafu unachoma kijiti cha oloirieni, yaani mzeituni wa porini, unaingiza kaa lake ndani na kulisugua. Ndipo maziwa.

"Na huo ugoro wangu, unadhani kwa nini nafunga? Ukikauka ni vumbi, ukilowa ni tope." Akanusa kidogo, akapiga chafya. "Chombo kishibe kwanza. Kikiwa na njaa kitakula ulichokiwekea. Hayo mlihitaji mzungu awaandikie?"

Nilirudi Sombetini nimenyamaza.

MARA YA PILI

Nilikwenda mwenyewe kwa meneja. Nikamwambia ukweli, kwamba kosa la kusoma lilikuwa langu, na mjomba ni fundi. Akafikiri. Akasema tutengeneze jingine, lakini safari hii hakuna utangulizi, na hatalipa hadi alione limekaa sawa. Nikamwomba kitu kimoja: yale maboksi matupu ya siga zinazoletwa kutoka nje. Akashangaa, akanipa sita. Mengine yalikuwa ya karatasi ngumu, lakini manne yalikuwa ya mbao tupu, na mbao yenyewe ndiyo ile ile ya huko kwao. Tukayabomoa taratibu, tukapata vibao vyembamba vya kutandika ndani. Mwili wa sanduku ukawa wa mkangazi mkavu. Vibao vya ndani mjomba hakuvibana kwa gundi pande zote, alivipachika tu kwenye mifuo ili vipate nafasi ya kuvimba.

Kufunga tulipima kwa noti. Unaweka noti ukingoni, unafunga kifuniko, unavuta. Ikitoka kirahisi, hewa nayo inapita. Usiku tukawasha tochi ndani ya sanduku, tukazima taa, tukatafuta mwanga unaovuja. Kona moja ilivuja, mjomba akairekebisha.

Sasa ndipo maandalizi yenyewe, na hapa shika kalamu.

Maji ya bomba hayafai. Yana madini yanayoacha ukoko mweupe kama ule wa kwenye birika, na maji ya Arusha unayajua mwenyewe, angalia meno yetu tuliokulia huku! Yanayotakiwa ni maji yaliyochemshwa yakawa mvuke, na mvuke ukapozwa ukawa maji tena. Fundi gari anayaita maji ya betri. Lakini soma chupa vizuri, uchukue maji matupu, siyo asidi ya betri. Ukikosea hapo utaunguza mbao na vidole. Kama una wasiwasi, nenda duka la dawa.

Wapo wanaopangusa mbao za ndani kwa kitambaa kilicholoa. Mjomba alikataa. Alisema ukilowesha uso wa mbao ghafla nyuzi zinasimama na kibao kinajikunja. Tukafuata njia ya pole pole: sponji mpya isiyo na sabuni, imeloweshwa ikakamuliwa isidondoshe, juu ya kisahani, kisahani ndani ya sanduku, funga. Usifungue kila saa kuchungulia. Kila baada ya siku mbili tatu ongeza maji kidogo kwenye sponji. Wenye uwezo wananunua vipaketi maalumu, kama vile vya Boveda vya asilimia 84, wanaviacha ndani siku 14 bila kugusa. Sisi tulikuwa na sponji na subira. Subira yenyewe ya kuazima.

KIPIMO KINASEMA UONGO

Meneja alitupa kipima unyevu kidogo cha mshale. Siku ya tatu kikasoma 58. Siku ya tano 62. Siku ya saba 64, kikagoma hapo. Siku ya nane 64. Siku ya tisa 64.

Na siku ya tisa ndiyo mwenye kibanda alikuja kudai kodi. Akasimama mlangoni, akasema ana mpangaji mwingine anayelipa miezi sita. Mjomba akageuka kunitazama, akaanza kufuta mikono. "Hili sanduku limefika mwisho wake. Mwanangu, tulipeleke leo. 64 na 65 si jirani?"

Msomaji, mimi nimelelewa. Mjomba akisema, nanyamaza. Lakini siku hiyo miguu ilikataa. Nikamwambia: "Mjomba, nisamehe sana. Mara ya kwanza niliharakisha kusoma. Naomba unipe mpaka kesho." Alinitazama muda mrefu. Akatoka, akaenda kuzungumza na mwenye kibanda. Walichoongea sikukisikia, ila saa yake ya mkononi sijaiona tena.

Jioni nikaenda kwa mwalimu wangu wa zamani wa kemia. Akacheka, akasema: "Kipimo chenyewe umekipima?" Akanifundisha jambo ambalo sitasahau. Chukua kizibo cha soda, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki, funga usivuje hewa, uache usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75, leo, kesho na mtondogoo. Kipimo kisiposoma 75, kinadanganya.

Asubuhi nikachungulia mfukoni. Sitini na tisa! Kipimo kilikuwa kinapunja sita. Kwa hiyo 64 yake ilikuwa 70 ya kweli. Sanduku lilikuwa limeshashiba kwa siku tatu nzima na sisi hatujui.

Nilimwita mjomba kwa sauti hadi mama muuza maandazi akaja kuangalia kama kuna moto. Mjomba akaupima ukingo wa kifuniko kwa kidole, akafunga, akafungua. Kikatoa pumzi kidogo, "fuu", kama mtu aliyetua mzigo. Lakini unajua alichosema? "Tuliache tena siku nne. Nataka nione kama linabaki hapo." Yule yule wa jana! Tukatoa kisahani, tukaweka kisponji kidogo kwenye kibati chenye matundu, tukaliacha. Halikushuka.

Tulipolipeleka, meneja hakujaza siga zote. Aliweka tano tu, wiki moja. Baada ya hapo alitulipa, na akaagiza mengine mawili kwa ajili ya zawadi. Kodi ya kibanda imelipwa. Mashine ya randa bado, na saa bado. Zimo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na sijazipigia mstari.

KWA ALIYE NALO NYUMBANI

Ukijaliwa kuwa na sanduku la namna hii, au ukiagizwa kulitengeneza, kumbuka machache. Kiangazi, upepo mkavu ukianza kuvuma kutoka tambarare za Monduli, sponji inakauka upesi, iangalie kila wiki. Masika punguza maji, maana unyevu ukizidi siga inaota ukungu na haishiki moto. Usiliweke juani wala karibu na jiko. Nyuzi joto 18 hadi 21 zinatosha. Zikipita 24 mdudu wa tumbaku anaanza kutotoa, na akishatoboa siga moja anahamia ya jirani. Friji la kawaida halifai kuhifadhia, linakausha.

Na mimi mwenyewe sivuti, wala sikushawishi. Siga haina usalama wowote eti kwa sababu moshi wake haumezwi. Koo, mdomo na mapafu vinadhurika, daktari wako atakwambia hivyo hivyo. Kinachonihusu mimi ni sanduku.

Juzi mteja mwingine kaleta karatasi ya Kiingereza. Mjomba akanipa kama kawaida: "Soma, mwanangu." Nikasoma mara tatu, nikaomba mpaka kesho. Mjomba akasema sawa, akarudi kwenye randa yake ya mkono.